Kufuli la Kabati la Kofia

Wewe uliyeajiriwa juzi kwenye karasha, ukapewa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, na kabla hujaonyeshwa mtambo unazimiwa wapi ukawa umeshajipiga picha na kuituma nyumbani: haya nimekuandikia wewe. Kofia imekupendeza, sina ubishi. Mimi pia ilinipendeza. Niliivaa miaka mingi pale Saza machimboni na hakuna hata kokoto iliyowahi kuigusa, kwa sababu siku zote nilisimama mahali ambapo mawe hayafiki. Mawe yalikuwa yanawafikia wengine, ambao kofia zao nilikuwa nimezifungia kabatini.

Nilikuwa afisa usalama. Nitakueleza nilivyosomea kazi hiyo. Kiwanda chetu kilikuwa cha kuchenjua dhahabu. Wachimbaji wadogo wanaleta mawe yao, karasha linayasaga yanakuwa unga, unga unaoshwa, dhahabu inatafutwa. Siku moja wakaguzi walifika wakauliza, "Afisa usalama wenu ni nani?" Meneja akatazama kushoto, akatazama kulia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha stoo, nimevaa shati safi, nimeshika kalamu.

"Yule pale," akasema. "Amemaliza kidato cha nne."

Basi, masomo yakawa yameisha. Mtu wa Tunduma hakatai cheo. Kwetu mpakani ukipewa bidhaa usiyoijua unaipokea kwanza, matumizi yake utayajua ukishavuka nayo. Mimi nilivuka nayo hadi nikastaafu, na matumizi yake nimeyajua sasa, nikiwa nimekaa Chapwa, hapa Tunduma, nahesabu malori.

Kofia zilifika zikiwa mpya kabisa, pamoja na glavu, miwani na buti. Niligawa zote siku ileile, kwa mbwembwe. Haikupita wiki, kofia moja ikawa inaatamiwa na kuku nyuma ya jiko la mama ntilie. Nyingine ikawa bakuli la mbwa wa mlinzi. Ya tatu niliiona Galula, njiani kuja kwetu, kichwani mwa dereva wa bodaboda, aliyeniapia kwamba aliachiwa na marehemu mjomba wake. Niliumia sana. Sikuumia kwa ajili ya vichwa vilivyobaki wazi, niliumia kwa ajili ya kofia. Nikakusanya zilizobaki, nikazipangusa, nikazifungia kwenye kabati la chuma kwa kufuli zuri la shaba. Kufuli lile lilikuwa limeletwa kiwandani kwa kazi nyingine. Nitafika huko, na ningependa nisifike.

Tangu siku hiyo watu waliniita Afisa Kofia. Nilidhani ni heshima.

Utauliza, kama kofia zimefungiwa, zilivaliwa lini? Zilivaliwa wakija wageni. Pale getini tulikuwa tumetundika rimu ya gurudumu la lori. Mlinzi akiigonga mara moja ni chakula. Akiigonga mara mbili ni kuondoka. Akiigonga mfululizo ni wageni. Ya hatari hatukuwa nayo. Hatari kubwa tuliyoijua pale ilikuwa wageni.

Na hatukungoja wafike getini. Yule bodaboda mwenye kofia ya marehemu mjomba alikuwa mtu wetu. Gari la wakaguzi likipita Galula, anapiga simu. Kutoka hapo nilikuwa na muda wa kutosha kufungua kabati, kugawa kofia, kuficha makopo ya zebaki, kumwagia maji sehemu yenye vumbi, na kuwaambia wale waliovaa kandambili wakajifiche vichakani. Wakaguzi wakishuka wanakuta watu wamependeza kama maharusi. Wakiondoka, kofia zinarudi kabatini, kandambili zinarudi kutoka vichakani, vumbi linarudi hewani. Meneja alikuwa akinipiga bega: "Afisa, hapa umecheza." Naye alisema kweli. Nilikuwa nacheza.

Sasa nikutajie mtu aliyekuwa hachezi. Fundi Kibona alitoka milima ya Ileje, mtu mfupi, mkimya kanisani na mwenye maneno makali kazini. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu mtambo, na mimi ndiye niliyehakikisha hakimfai kitu.

Siku zile karasha lilikuwa linaendeshwa na injini ya dizeli, ile ya kuwashwa kwa kuzungusha hendeli. Kibona alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wote. Kila alipozima injini ili aguse mkanda, au puli, au aingie ndani ya pipa la kusagia, aliichomoa hendeli akaichomeka kiunoni kama panga. Akimaliza, anatoka nayo, anaiwasha mwenyewe. Akienda chooni wakati kazi haijaisha, anakwenda nayo. Akienda kula, inakaa mapajani. Jumapili moja alikuwa hajamaliza kubadilisha mkanda, basi akaenda nayo ibadani.

Vijana walimtania.

"Fundi, leo umelala na nani, mama au hendeli?"

"Mama analala ukutani. Hendeli inakaa katikati."

"Sasa nani atakuibia chuma hicho?"

"Mwizi simwogopi," alisema Kibona. "Mwizi ataiuza. Ninayemwogopa ni mtu mwema. Mtu mwema ataiwasha injini akidhani ananisaidia."

Nilicheka na wenzangu. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Siku nyingine nilimuuliza, tukiwa wawili, kwa nini anahangaika hivyo. Aliniambia baba yake alikwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka, kama walivyokwenda wengi wa huko kwao. Alirudi amebakiwa na vidole viwili katika mkono wa kulia.

"Akinipiga kofi nilikuwa hata silisikii vizuri," alisema. "Nilikua mtundu kwa sababu hiyo. Mimi nikirudi Ileje nataka wajukuu zangu walisikie lote."

Hilo tu ndilo alilolitaka Kibona kutoka Saza. Wengine tulitaka nyumba ya bati, pikipiki, mke wa pili. Yeye alitaka kurudi na mikono yake.

Nisikupotoshe ukadhani kila mtu pale alikuwa mjinga isipokuwa yeye. Tulikuwa na akili nyingi, tatizo ni kwamba tulizitumia kwenye soda. Mkanda wa karasha ukizeeka unateleza kwenye puli, lile gurudumu linalouzungusha, na dawa yake sahihi ni kuukaza au kununua mpya. Dawa yetu ilikuwa soda. Unafungua chupa, unaumwagia mkanda ukiwa unazunguka, sukari inanata, mkanda unashika. Kwa siku moja mkanda wetu ulikunywa soda nyingi kuliko familia nzima sikukuu ya Krismasi. Kasoro ilikuwa moja: mkanda ulikuwa na kava ya bati iliyokuja nao kiwandani ili mtu asiweze kuufikia. Ukiwa na kava hauwezi kunywa. Kwa hiyo tuliivua kava. Mama ntilie aliiona imekaa bure, akaanza kuanikia dagaa.

Mimi afisa usalama nilinunua dagaa hao. Walikuwa wakavu vizuri.

Palikuwa pia na kijana anaitwa Shija, mtoto wa wafugaji wa bondeni huko Momba, mchangamfu, mwenye nguvu, anayemwamkia kila mtu mzima shikamoo hata akikutana naye mara kumi kwa siku. Shija alikuwa anachoma zebaki kwenye kikaangio ili ibaki dhahabu, na kikaangio hichohicho asubuhi anakaangia mayai. Nilimkemea vikali. Nilimkemea kwa sababu moshi ulikuwa unaingia ofisini kwangu. Akaniomba radhi kwa adabu, akahamia upande wa pili, karibu na jiko la mama ntilie, ambako ulikuwa unaingia kwenye chakula cha wote. Nikaona nimemaliza kazi. Wewe ukiona mtu anachoma zebaki nje ya chombo kilichofungwa, chenye bomba la kuurudisha mvuke, usimhamishe. Mzimie moto. Na ukisikia anakwambia mbona haina harufu, mwambie ndiyo sababu yenyewe.

Usidhani ni machimboni tu. Nilipostaafu nikarudi Tunduma, nikakuta ujinga ule umefika kabla yangu, umepanga chumba. Juzijuzi pale kwenye maegesho ya malori nimemwona fundi wa kuchomelea, amevaa miwani ya jua, ile ya kuendea harusini, anataka kuziba ufa kwenye tanki la mafuta la lori la Mzambia. Nikamwambia asiwashe moto.

"Mzee, tanki ni tupu," akasema. "Limemwagwa lote tangu asubuhi."

"Tupu ndiyo mbaya. Mafuta yametoka, mvuke umebaki."

Dereva akajisikia amedharauliwa. "Awe, ba mudala," akaniambia, yaani hapana, mzee. "Hili lori nimeliendesha mpaka bandarini mara nyingi, halijawahi kulipuka."

"Hata wewe hujawahi kufa," nilimjibu, "na bado nakushauri usijaribu."

Wakalijaza maji kwanza ndipo wakachomelea, huku wakinung'unika kwamba wazee wa Chapwa hawana kazi. Ni kweli hatuna. Lakini nilirudi nyumbani nimefurahi, nikakaa, kisha furaha ikaniishia, kwa sababu nilijiuliza kwa nini mdomo huu haukufunguka Saza.

Turudi Saza, basi, maana nimezunguka vya kutosha.

Umeme ulifika. Kila mtu alishangilia. Injini ya dizeli ikatolewa, ikaletwa mota, na ukutani ikafungwa swichi kubwa yenye mkono wa kijani. Huna haja ya kuzungusha hendeli hadi bega liume, unasukuma tu. Mtoto anaweza. Mbuzi akijikuna hapo anaweza. Kibona aliizunguka swichi ile kama mtu anayemkagua ng'ombe mgonjwa, kisha akaja ofisini kwangu na hendeli yake mkononi, ambayo sasa haikuwa na kazi.

"Afisa, sasa mimi nitachomoa nini?"

"Kwani lazima uchomoe kitu?"

"Nikiwa nimeingiza mikono mle ndani, nani anamzuia mtu kusukuma?"

Nilimwambia tutaweka tangazo. Akasema tangazo halishiki mkono wa mtu. Akanionyesha kwamba swichi ile ilikuwa na tundu kwenye mkono wake, limetobolewa hukohuko kiwandani ilikotengenezwa, kwa ajili ya kufuli. Unazima, unafunga kufuli, ufunguo unatia mfukoni mwako, unafanya kazi yako. Hendeli ileile, kwa umbo jingine. Nilimpeleka kwa meneja, na niwe mkweli, nilimtetea. Kufuli likanunuliwa. La shaba, zuri.

Likafika wiki ileile kofia zilipokuwa zinaibwa.

Umeshaelewa. Nilimwambia Kibona avumilie, litakuja jingine. Alipouliza tena nikamwambia litakuja. Mara ya mwisho hakuuliza. Alitazama kabati, akatazama kufuli, akasema, "Kofia zimepata ulinzi." Akaondoka. Tangu hapo akitaka kugusa mtambo anamsimamisha mtu kwenye swichi na kumwambia, "Simama hapa, mtu asiguse mpaka nije mimi mwenyewe." Mara nyingi alikuwa Shija.

Siku hiyo simu ilitoka Galula mchana, jua likiwa kali. "Afisa Kofia, gari jeupe limepita, limejaa watu." Rimu ikagongwa mfululizo. Nikafungua kabati. Kandambili zikakimbilia vichakani. Nikakumbuka kava ya mkanda, nikamkuta mama ntilie, nikamwaga dagaa wake chini, akanitukana kwa Kinyiha na mimi nikamjibu kwa Kinamwanga. Kava ikabebwa mbiombio.

Kibona alizima karasha mwenyewe. Akamwita Shija, akamsimamisha kwenye swichi, akamwambia maneno yake yaleyale. Kisha akachuchumaa nyuma ya mtambo, upande wa puli, kuifunga kava kwa nati. Nikamfuata na glavu mpya, za ngozi, kubwa.

"Glavu na mkanda haviendi pamoja, Afisa," alisema. "Mkono mtupu unaweza kuchomoka. Glavu inashikwa, nayo inakushika wewe."

"Mkanda umelala, fundi. Unaogopa mkanda uliolala?"

Walikuwepo watu, wakacheka. Alinitazama, akazivaa. Aliivaa ya kulia kwanza.

Nilikimbilia getini kusimama na meneja. Vumbi la gari lilikuwa limeanza kuonekana. Meneja akageuka nyuma, akasikiliza, akakunja uso.

"Mbona kimya hivi? Watadhani tumefungiwa. Wakute kazi inaendelea."

Nikapaza sauti kutoka pale nilipokuwa. "Shija, washa."

Kutoka kwenye swichi mtu haoni upande wa puli, pipa la karasha linaziba. Shija akanyoosha shingo, akaangalia, akanirudishia macho.

"Fundi hajasema, mzee."

Kijana, yapo maneno nimeyasema maishani ambayo ningeweza ningeyalipia yarudi. Yapo ya ndoani, yapo ya baa. Hakuna ninalolisikia kila siku kama hili nililomjibu mtoto yule aliyefundishwa kumheshimu mtu mzima.

"Mimi ndiye usalama hapa. Washa."

Shija akawasha.

Sitaeleza kelele. Nitaeleza kwamba karasha halikuzimwa upesi, kwa sababu Shija alikuwa ameachia swichi na kukimbilia kwa Kibona, na sisi wengine kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake. Watu wote tulikuwa na kofia vichwani. Wakaguzi waliposhuka kwenye gari walikuta kiwanda kilichopendeza kuliko siku zote, na kava imefungwa nusu. Ni gari lao jeupe ndilo lililombeba fundi kumpeleka hospitali, kwa kuwa lilikuwa ndilo zima kuliko yote. Ilikuwa mara ya kwanza ukaguzi kumsaidia mtu pale.

Mmoja alibaki. Mama mmoja wa makamo, mpole. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi, akaingiza kidole kwenye lile tundu, akauliza, "Kufuli la hapa liko wapi?"

Wote tuligeuka tukatazama kabati. Kufuli lilikuwa linang'aa, limening'inia wazi, na funguo zake nilikuwa nazo mimi kiunoni.

Mkono wa kulia wa Kibona haukurudi naye Ileje. Ulikatwa chini kidogo ya kiwiko.

Kuhusu mimi, unadhani nilifukuzwa? Nilipelekwa semina. Nikarudi na begi lenye maandishi na fulana. Kiwanda kikapewa onyo, kikaandika ukutani kwa herufi kubwa nyekundu USALAMA KWANZA, na mchoraji alipokuwa anaandika alisimama juu ya pipa lililowekwa juu ya meza. Nilimshikia pipa. Kufuli likahamia kwenye swichi siku iliyofuata, mapema sana, kama mgeni anayefika msibani baada ya maziko. Shija aliaga akarudi Momba kwa ng'ombe wa baba yake. Nasikia ana mke na watoto, na nyumba ina umeme wa jua. Nasikia taa anawasha mkewe. Yeye hagusi swichi.

Basi, mwaka huu kiwanda cha jirani na kile chetu, kipya, chenye uzio na bustani ya maua, kiliniita nikawaambie vijana machache. Labda wewe ulikuwepo. Uliniona nimesimama mbele ya kipaza sauti nikasema vaeni vifaa, msinywe pombe kazini, asanteni. Mlipiga makofi. Nilisema vibaya, nikijua nasema vibaya, ndiyo maana naandika.

Baada ya hotuba walinitembeza. Swichi zina makufuli, kila moja na rangi yake. Moyo wangu ukatulia. Kisha nikamuuliza kijana aliyenitembeza, msomi, mwenye redio ya mawasiliano begani, "Ufunguo wa hili anakaa nao nani?"

"Huu hapa, mzee," akasema kwa fahari, akanionyesha msumari ukutani, sentimita chache kutoka kwenye kufuli. Funguo zote zilikuwa zimetundikwa hapo, zimepangwa vizuri. "Ili zisipotee."

Nilimuaga. Kisha nikapanda basi la kuelekea Ileje.

Nilikuwa sijakanyaga kwa Kibona tangu ajali ile. Nilituma salamu, nilituma mchele, nilituma watu. Mwenyewe sikwenda. Nilimkuta nje, anachambua kahawa kwenye mkeka kwa mkono mmoja, na mjukuu wake akimpinga kwamba punje fulani ni nzuri. Mkewe, Mama Ambwene, alinikaribisha, akaleta kigoda, akaingia jikoni bila maneno mengi.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa nimeirudia kwenye basi mpaka jirani yangu akahama kiti. Niliposema tu "Fundi, mimi nimekuja," akanikatiza.

"Siku hizi swichi zinafungwa?"

"Zinafungwa."

"Ufunguo anakaa nao nani?"

Nikamweleza kuhusu msumari. Alinitazama kuona kama namtania. Alipoona sitanii, alicheka. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye mkeka, mpaka Mama Ambwene akachungulia mlangoni. Mimi sikucheka. Ile hotuba ya kwenye basi nikaona heri niiseme vivyo hivyo, vipandevipande. Nikamwambia kwamba ni mimi. Kufuli ni mimi, glavu ni mimi, na lile neno ni mimi, siyo Shija, siyo meneja.

"Najua," alisema. "Nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya pipa, si Zambia."

Akachambua punje kadhaa.

"Nilikuwa nasema namwogopa mtu mwema," akaendelea. "Nilikusingizia wema, Afisa. Wewe ulikuwa unaogopa wageni tu."

Neno hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo, kuliko yale yote ya tanki na zebaki. Ukiwa kazini jiulize unamwogopa nani. Kama unamwogopa mkaguzi, utavaa kofia akija, na utakufa ameondoka. Uogope mkanda. Mkanda hautoi taarifa kwamba umepita Galula.

Kibona aliinuka, akaingia ndani. Nilisikia anapekua kitu kwenye vyuma. Yule mjukuu alikuwa ameanza kurusha punje za kahawa hewani, na babu yake alipotoka alimpiga kofi dogo la kisogoni. Mtoto akacheka akakimbia. Kofi lenyewe lilikuwa la mkono usiozoea.

Alikuwa ameshika ile hendeli. Imepakwa mafuta, haina hata doa la kutu. Injini yake iliuzwa zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na bado hakuna aliyewahi kuiwasha bila Kibona kuwepo.

"Wapelekee wale vijana wa msumari," alisema. "Waambie ufunguo unakaa hapa." Akajipiga kiunoni kwa ile hendeli.

Kisha akaninyooshea, akasema yale maneno ambayo kila mtu aliyelelewa vizuri huyasema akimpa mwenzake kitu kwa mkono usio na heshima.

"Samahani kwa mkono wa kushoto."

Nikaipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Yangu ninayo yote.